Kiangazi cha Kumsubiri Rubani

Kibondo, Jumapili, 1 Juni 2025

Kwa miaka saba nimeficha kwamba mimi ndiye niliyemharibia Nkunzimana safari yake ya kwenda kuishi ng'ambo. Yeye anaamini ni dada yake, Esteri. Si Esteri. Ni mimi, Sylvesta, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, niliyekaa kati yake na afisa siku ya mahojiano kambini Nduta, kambi ya wakimbizi wa Burundi, nikayageuza maneno yake. Jambo hili naliandika hapa kwanza kwa sababu mdomo umeshindwa kulisema. Kabla sijafa nataka nimwambie mwenyewe, ili apatane na dada yake. Na nikimwambia nitampoteza, naye ndiye rafiki pekee niliyebaki naye.

Basi. Sasa niandike la furaha: leo Khatibu ameandika orodha.

Khatibu ana kibanda cha kuonyeshea picha za video nyuma ya duka lake, jirani na stendi. Kila mwaka tarehe mosi Juni huandika kwa chaki, kwenye mlango wa bati, picha zote za kiangazi na siku zitakazoonyeshwa. Wenzetu wa ng'ambo wana joto lao kuanzia Juni hadi Agosti, na ndipo wanapotoa picha zao kubwa. Kwetu hiyo ni miezi ya vumbi na baridi ya asubuhi na maharage yaliyoanikwa uani. Mimi huzijua picha hizo tangu Januari, kwa sababu nasoma habari zake kwenye simu, lakini hazijawa kweli mpaka Khatibu aziandike.

Mwaka huu ziko saba. Kuna ya wezi wa treni, kuna ya majini chini ya mji, kuna moja ya mapenzi ambayo Khatibu ameiandika kwa herufi ndogo kama anaionea aibu. Ya saba, Ijumaa tarehe 15 Agosti, ni Rubani, sehemu ya nne, ya mwisho.

Rubani ni mwanamke anayerusha ndege ndogo kwenye nchi za barafu. Sehemu ya tatu iliisha ndege yake ikiwa imezama nusu, mkono wake ukiwa umeshika mlango. Ilikatwa hapo. Imepita miaka mitatu. Mimi nasema atakufa, kwa kuwa ni sehemu ya mwisho. Nkunzimana anasema, "Steringi hafi, Mwalimu. Tangu lini steringi akafa?" Tumebishana miaka yote mitatu na hatujachoka.

Nkunzimana anaishi kambini. Hawaruhusiwi kutoka ovyo, lakini ana ugonjwa wa sukari, na kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, hupewa kibali cha kuja kliniki hapa mjini. Akitoka kliniki anakuja kwa Khatibu, saa nane, baada ya swala. Nimehesabu kwenye kalenda. Tarehe 15 Agosti ni Ijumaa ya kliniki.

Ijumaa, 6 Juni

Wezi wa treni. Nkunzimana amekuja na koti lake la kijivu na karatasi ya kliniki mfukoni. Tulikaa benchi la pili, mahali petu.

Mfasiri sasa ni Isack, mwanafunzi wangu wa zamani. Kazi hiyo niliifanya mimi tangu mwaka 2011: unasimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti, waigizaji wanasema kwao, wewe unasema kwetu, ukitia Kiha kidogo pale pa kuchekesha. Vijana wanaita udijei. Niliiacha kazi hiyo pumzi ilipokuwa haifiki mwisho wa sentensi. Isack nilimfundisha mwenyewe. Leo mkuu wa wezi alipoingia behewani, Isack akasema, "Huyu ukimpa mbuzi achunge, anarudi na kamba." Kibanda chote kikacheka. Huo mzaha ni wangu. Niliutunga mimi.

"Amekuibia," Nkunzimana akaninong'oneza.

"Ameniibia."

"Picha ya wezi, sha. Ulitaka aombe?"

Nikacheka mpaka nikakohoa, mtu wa mbele akageuka. Lakini nilipofika nyumbani iliniuma. Hakuniangalia hata mara moja alipokuwa akiusema.

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Maharage hayajakauka. Miguu imevimba.

Jumamosi, 14 Juni

Yusta, binti yangu, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye ninayeishi naye. Mwezi uliopita alinipeleka hospitali Kasulu, akaongea na daktari peke yake mlangoni, akarudi akisema, "Baba, wanasema ni uchovu wa moyo, utumie dawa na usile chumvi."

Leo nilitafuta miwani kwenye sanduku lake la vitambaa nikaikuta karatasi ya daktari. Mtu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minane hafichwi neno la Kiingereza, ndiyo maana akaificha karatasi yenyewe. Moyo umetanuka. Dawa ni za kupunguza maumivu tu. Muda uliobaki ni miezi, imeandikwa, na baada ya hapo kuna alama ya kuuliza.

Aliporudi kutoka sokoni nilikuwa nimeiweka mezani.

"Ungeniambia lini?"

Alikaa na mkoba wake begani. "Ungefanya nini ukijua, baba?"

"Ningejua."

"Ungeacha kula. Ungekaa unasubiri. Mimi nilitaka usubiri picha zako."

Nimekula peke yangu chumbani. Mtoto niliyemfundisha kusoma ameamua mimi nisisome.

Ijumaa, 20 Juni

Majini chini ya mji. Picha nzuri, Isack kaiharibu kwa makelele.

Katikati, simu ya Nkunzimana ikaita. Namba ndefu ya ng'ambo. Akaitazama mpaka ikanyamaza.

"Esteri?" nikauliza.

"Huyo."

"Anapiga kila mwezi."

"Apige. Yeye ana simu ya kulipiwa na wazungu. Aliniuza, Mwalimu. Maafisa walinisomea wenyewe: maelezo yako na ya dada yako hayalingani. Yeye akapanda ndege na wanawe. Mimi nikabaki na foleni ya unga." Akageukia televisheni. "Haya, huyo jini anasema nini? Isack amesinzia?"

Nikamfasiria jini.

Niandike sasa jinsi ilivyokuwa, ili niwe na maneno tayari siku nitakayomwambia. Mwaka 2018, mwezi Julai, walitafuta wakalimani wa siku chache kwa ajili ya mahojiano ya wakimbizi wa kupelekwa kuishi nchi ya tatu, ng'ambo. Kirundi na Kiha ni ndugu, na Kiingereza ninacho, wakanichukua. Sheria ilikuwa, ukimjua anayehojiwa useme ili abadilishwe mkalimani. Nkunzimana alipoingia nilinyamaza, naye alifurahi kuniona.

Alieleza kwamba watu wenye mapanga walikuja kwake mara mbili. Mara ya kwanza waliuliza jina lake na kuondoka. Mara ya pili walimkuta mlinzi wa shamba amevaa koti la Nkunzimana, wakamuua wakidhani ni yeye. Esteri alihojiwa siku moja kabla, na mkalimani mwingine, akasema vivyo hivyo: mara mbili. Mimi nikasema walikuja mara moja. Ndivyo nilivyozoea kwenye picha. Watu wakija mara mbili kufanya jambo moja unawaunganisha, watazamaji wasichoke. Nikaongeza na mvua. Nilikuwa na mazoea ya miaka saba ya kutengeneza hadithi za watu, na ulimi ukaenda wenyewe. Afisa akaona hadithi mbili za familia moja hazifanani, akaandika kwamba Nkunzimana haaminiki.

Nitasema: ni makosa ya kazi. Nisamehe.

Leo sikusema.

Ijumaa, 27 Juni

Khatibu amefuta picha ya tatu kwa kitambaa kibichi, ameandika mechi. Nikamuuliza mbona. "Mzee Sylvesta, hii ni biashara. Picha wanakuja kumi na wawili, mpira wanakaa mpaka dirishani." Orodha sasa ina doa jeupe katikati. Nilirudi nyumbani bila kuaga.

Ijumaa, 4 Julai

Ijumaa ya kliniki. Nkunzimana hakuja. Niliweka fimbo yangu mahali pake kwenye benchi, watu wakaniuliza mara tatu kama pana mtu, nikasema pana. Picha ilikuwa ya nne, ile ya mapenzi. Hakuna aliyeifuatilia, hata Isack.

Jumatatu, 7 Julai

Wanachoma nyasi upande wa Kasanda. Moshi umekaa chini, sikulala kitandani, nimelala nimekaa.

Jumatano, 9 Julai

Adija ananunua maharage kambini na kuyaleta sokoni. Leo alipita kupima yetu. Nikamuuliza kama amemwona mzee Nkunzimana, au amelazwa.

"Halazwi yule, mzee. Yuko mbioni na makaratasi. Si amejiandikisha kurudi kwao? Basi lake tarehe saba mwezi wa nane."

Nikamwambia arudie. Akarudia, akashangaa. "Nilijua mnajua. Nyie si kama pacha?"

Tarehe saba Agosti. Siku nane kabla ya Rubani.

Hakuniambia. Miaka kumi tumekaa benchi moja. Nilimpa redio yangu, nilimpa koti lile la kijivu, nilimfundisha binti yake Kiingereza kabla hajaolewa. Yusta amenificha kifo changu, Isack ameniibia maneno, Khatibu ameniuzia orodha ya uongo, na haya yote nimeyavumilia. La huyu siliwezi. Anaondoka kama mpangaji anayedaiwa kodi, kimya kimya, mlango wa nyuma.

Nimeandika haya nikayasoma. Nimejiona. Sifuti.

Ijumaa, 18 Julai

Alikuwepo kabla yangu, amekaa benchi la pili na karatasi mkononi. Amekonda. Sikumsalimu.

"Adija amekwambia," akasema.

"Kwa nini nisikie kwa muuza maharage?"

"Ulitaka nikwambie ili iweje? Ungeniomba ningoje Rubani. Nami ningengoja. Nakujua, na najijua." Akapangusa benchi kwa mkono ili nikae. "Watu wanaondoka kila wiki, Mwalimu. Mtaa wangu zimebaki nyumba nne. Usiku mbwa ni wengi kuliko watu. Bora nitangulie kwa miguu yangu kuliko kungoja kusukumwa."

"Na wale waliouliza jina lako?"

"Wamezeeka kama mimi. Au hawajazeeka. Nitaona."

Kisha akanipa karatasi. Kliniki wamemwandikia barua ya safari kwa Kiingereza, naye hajui inasema nini. "Nisomee. Kama sukari hairuhusu, basi hairuhusu, nitakaa."

Niliikunjua. Ilikuwa na mistari mitatu. Nilikaa na mistari hiyo mitatu kwa muda ambao ningeweza kusoma gazeti zima. Isack alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili. Nkunzimana alinitazama mdomo, akingoja.

Nikasoma: anaweza kusafiri, apewe dawa za miezi miwili, apimwe akifika. Kama ilivyoandikwa. Sikuongeza wala kupunguza.

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. Akaikunja, akairudisha mfukoni. "Basi ndiyo hivyo."

Picha ilipoisha tukaachana. Njiani nilijisifu kidogo moyoni kwamba safari hii nimetafsiri vizuri. Ndivyo mtu anavyokuwa.

Alhamisi, 24 Julai

Damu kidogo kwenye kitambaa. Yusta ameona. Amekibadilisha.

Jumapili, 27 Julai

Yusta ameniosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Nikamwambia, "Karatasi ile ulifanya vizuri kuificha." Akasema, "Sikufanya vizuri, baba. Niliogopa kukusomea." Nimeyafikiria maneno hayo mchana kutwa. Mimi niliita usaliti, kumbe ilikuwa woga wa mtu anayenipenda. Sijui kama yupo anayeweza kusema hivyo juu yangu.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo nimesema.

Yusta alinipeleka kwa bajaji kwa sababu siwezi tena kufika stendi kwa miguu. Nilimwomba Khatibu atuachie kibanda kabla hakijajaa. Khatibu, niliyekuwa nimemnunia mwezi mzima, akafunga mlango kwa nje, akakaa hapo juu ya ndoo asiingie mtu.

Nilimweleza Nkunzimana kama nilivyoandika tarehe ishirini Juni. Kwamba yeye alisema mara mbili, mimi nikasema mara moja. Kwamba Esteri alisema kweli. Kwamba mazoea ya kufasiri picha yaliuchukua ulimi wangu, na tangu alipoanza kumlaumu dada yake nikaona aibu kumrekebisha, na aibu ikaota mizizi.

Alikuwa anatazama televisheni, nayo ilikuwa imezimwa.

"Miaka saba," akasema.

"Miaka saba."

"Mama yetu alifariki tukiwa hatusemezani. Esteri alipiga simu, nikakata." Akanigeukia. "Na mvua ulitia?"

"Nilitia mvua."

"Siku ile kulikuwa na mwezi, Mwalimu, ungeweza kuhesabu kuku." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yakafuata nyuma ya kicheko. "Dosiye yangu, faili zima, umeifanyia udijei. Mungu wangu. Watu wengine wanaharibiwa na maadui. Mimi nimeharibiwa na shabiki wa picha."

"Nisamehe."

"Ulimi ukiteleza utaufanya nini? Utaukata?" Akanishika mkono, hapa juu ya kifundo, akaubana sana. "Ungetaka kunidhuru, ningekutemea mate na kuondoka, haki ya Mungu. Lakini mtu hawezi kumhukumu mwenziwe kwa kuteleza. Nipe simu yako. Yangu haina salio la ng'ambo."

Aliipiga namba kwa kichwa. Miaka saba ameikata, na anaijua kwa kichwa. Kule kulikuwa asubuhi. Nikasikia sauti ya mwanamke ikisema "Halo?" mara mbili, kisha ikataja jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulijua. Alisema, "Esteri, ni mimi. Nyamaza kwanza. Ni mimi." Nikainuka niwaache, akanivuta nikae.

Waliongea mpaka salio likaisha. Khatibu akapitisha vocha chini ya mlango bila kuuliza.

Alhamisi, 7 Agosti

Ameondoka. Adija aliliona basi. Anasema alikuwa dirishani, amevaa koti la kijivu, ameshika godoro.

Jumamosi, 9 Agosti

Esteri amenipigia mimi. Amesema, "Mwalimu, kaka ameniambia yote. Mungu akubariki kwa kusema ukweli. Wengine wangekufa nao." Nikamwambia asante. Nimesema asante.

Jumanne, 12 Agosti

Sili. Yusta anadhani ni ugonjwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Rubani.

Khatibu alisafiri mwenyewe mpaka Kasulu jana kuifuata kwa Mansuri, anayemwingizia picha zake. Wamenibeba na kiti. Isack alikuja kunipa kipaza sauti mbele ya watu, akasema, "Shikamoo, mwalimu. Fasiri hata dakika tano, watu wasikie kazi ilikotoka." Nikakataa. Akasema basi angalau nimkosoe akiongopa. Nikamwambia siko kwenye nafasi ya kumkosoa mtu. Alidhani ni unyenyekevu, kibanda kikanipigia makofi.

Ni picha mbaya. Mtu aliirekodi akiwa amekaa ukumbini, vichwa vinapita mbele, mtoto analia. Rubani anatoka kwenye barafu dakika ya kumi, nywele zimechanwa. Hakuna anayeuliza alitokaje. Saa nzima iliyobaki anagombania mirathi. Nimeingoja miaka mitatu.

Mahali pa Nkunzimana alikaa kijana nisiyemjua, anakula karanga. Sikuweka fimbo.

Jumanne, 19 Agosti

Nkunzimana ametuma ujumbe kwa namba ya kwao. Amefika. Nyumba ina mtu mwingine, yeye amepewa chumba kwa jirani. Dawa anazo. Anauliza Rubani alipona au hakupona. Mwishoni ameandika kwamba kila akiomba usiku ananiombea, kwa sababu wazee wanaokubali kosa lao kabla ya kufa ni wachache.

Nimemwambia Yusta nikishazikwa ampigie picha kurasa hizi zote, amtumie Nkunzimana, na nakala nyingine amtumie Esteri. Ameuliza kama azisome kwanza. Nimesema asome.

Alhamisi, 21 Agosti

Niandike upesi.

Nkunzimana, uliusamehe ulimi ulioteleza. Ulimi haukuteleza. Nilipomwambia afisa kwamba walikuja mara moja, aliacha kuandika, akanitazama mimi, si wewe, akaniuliza kwa Kiingereza: ni mara moja, una hakika? Fomu yako ya kwanza ilikuwa wazi mezani, nami nimezoea kulisoma daftari la mwanafunzi nikiwa ng'ambo ya dawati. Ilisema walikuja mara mbili. Niliisoma. Rubani, sehemu ya pili, ilikuwa inakuja mwezi uliofuata, Agosti, na baada yake zingekuja nyingine, nawe ungekuwa umekwenda mbali, nami ningekaa benchi lile peke yangu mpaka nife. Nikamjibu afisa kwamba nina hakika.